Orodha ya Siri ya Pampu Sita

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Kubwa kuliko zote tangu nizaliwe, ukiondoa ile niliyofaulu mtihani wa udereva kwa mara ya nne.

Mhandisi Boyadzhiev, mkurugenzi wetu wa maji hapa Gorna Bukova, ametuita ofisini kwake mimi na Snezhana. Ametangaza kwamba Kitengo cha Kompyuta kitapata mkuu. Kitengo kina watu wawili, mimi na Snezhana. Kwa hiyo mmoja atakuwa mkuu na mwingine atakuwa kitengo.

Mkuu atapewa chumba chenye dirisha la kuangalia mto, na kibao cha jina mlangoni. Chumba tulicho nacho sasa kina bomba linalodondosha maji juu ya meza yangu. Sisi ndio idara ya maji, na bomba letu linavuja! Nimelalamika kwa maandishi mara kumi na moja.

Mashindano ni haya. Jumanne ijayo, tarehe 14, ni sikukuu ya Mtakatifu Petka. Kila mwaka siku hiyo pampu zetu zote sita huzimwa saa nne kamili asubuhi, kwa saa moja, zioshwe kabla ya baridi kuingia. Padri hunyunyiza maji ya baraka. Banitsa huliwa, ule mkate wa tabaka tabaka wenye jibini nyingi. Pampu hufungwa utepe, kwa sababu pampu zetu zina majina ya watu. Wazee waliojenga kituo waliwapa majina ya wake zao na mama zao: Petkana, Radka, Zlata, Mitra, Stoyna na Bibi Vela. Kila mmoja husherehekewa siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina hilo, kama mkazi mwingine yeyote wa mji. Mwaka huu watakuwepo wakaguzi watatu kutoka mkoani.

Mkurugenzi anataka skripti, yaani amri zilizopangwa ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine. Mtu ataandika jina la skripti, kisha majina ya pampu anazotaka kuzima, yote katika mstari mmoja, halafu atabonyeza Enta. Skripti iyalinganishe majina hayo na orodha iliyomo ndani yake. Yakilingana, izime pampu. Yasipolingana, ikatae. Kila mmoja wetu aandike ya kwake, na itakayofanya kazi vizuri mbele ya wakaguzi, mwenyewe atakuwa mkuu.

Amesema anataka hivyo kwa sababu ya mambo ya mwaka jana. Akanitazama.

Mwaka jana, siku ya Radka, nilimzima Zlata. Zlata ndiye anayepeleka maji mtaa wa juu. Meya alikuwa bafuni, kichwa kizima povu. Basi, yalitokea. Kibodi ilikuwa na makombo.

Nina tatizo moja tu. Mama anajua kwamba mimi ni mkuu tayari. Nilimwambia mwezi wa Agosti. Jirani yetu, Bi Marga, alikuja kujigamba kwamba mwanawe amefanywa mkuu wa stendi ya mabasi. Mama akanyamaza mchana kutwa, uso umemshuka, anakaanga biringanya bila kuzitia chumvi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, mama, hata mimi. Sijamwona akifurahi vile tangu marehemu baba alipokuwa hai.

Na mama anaitwa Petkana. Tarehe 14 ni siku ya jina lake pia. Amesema zawadi anayoitaka ni moja tu, kuja kuona ofisi yangu.

Nina siku nane za kuufanya uongo uwe kweli. Naogopa sana.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandika skripti yangu kwa nusu saa! Snezhana bado alikuwa anachora visanduku kwenye karatasi. Nilimwonea huruma.

Nikaijaribu. Nikaandika majina yote sita, nikabonyeza Enta. Kompyuta ikanijibu kwamba haimjui Bibi. Pia haimjui Vela. Ikasema nimetaja pampu saba.

Nikahesabu kwa vidole. Sita. Nikarudia. Saba, inasema.

Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa kwamba kompyuta, ikiona nafasi tupu kati ya maneno mawili, inadhani ni vitu viwili. Petkana ni mmoja, Radka ni mmoja, lakini Bibi Vela inamkata katikati, Bibi huku na Vela kule. Kosa ni la nani? La aliyempa pampu jina lenye maneno mawili. Nikamwandikia mkurugenzi pendekezo kwamba kuanzia leo aitwe Vela tu.

Pendekezo likamfikia Shangazi Tsonka kabla halijamfikia mkurugenzi. Shangazi Tsonka ndiye mtunza pampu. Ana ovaroli ya bluu, mikono kama ya mpiga mieleka, na miaka thelathini na miwili kituoni. Aliingia chumbani kwetu na kopo la grisi mkononi.

“Wee Evstati! Umesikia pampu ya mwaka arobaini na nane ikiitwa kwa jina tupu kama mtoto wa shule? Hata meya akipita pale anasema shikamoo. Kavunjie watu heshima huko kwenu!”

Nikafyata mkia. Snezhana, bila hata kuinua kichwa, akasema niweke tu alama za kunukuu kushoto na kulia kwa jina, kompyuta italiona kuwa kitu kimoja. Nikamwambia asante, nina njia zangu.

Saa kumi jioni, alipotoka kunawa mikono, niliweka alama za kunukuu. Ikakubali. Alama hizo ningezifikia mwenyewe tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkutano kwa mkurugenzi. Aliuliza swali moja: mtu akitaja pampu zote sita, lakini si kwa mpangilio ule ule wa kwenye orodha, skripti imkubalie au imkatae?

Snezhana akasema imkubalie. Pampu hazigombanii nani ametajwa kwanza. Yeye skripti yake inazipanga kwanza orodha zote mbili kwa alfabeti, ya mtu na ya ndani, halafu ndipo inazilinganisha.

Nikasimama. Nilizungumza vizuri, naweza kusema. Nikawauliza kama harusini kwao mtu hunyanyua glasi kwa ajili ya dereva kabla ya msimamizi wa harusi. Nikasema mpangilio ndio ustaarabu wenyewe. Mkurugenzi akakuna kidevu. Akasema basi kila mmoja afanye anavyoona, tutajua siku yenyewe.

Nilipokuwa nakaa ndipo wazo liliponijia. Nilikaribia kupiga kelele.

Kama mpangilio ni lazima, na mpangilio naujua mimi peke yangu, basi pampu za Gorna Bukova hazizimiki bila mimi! Nani atathubutu kumnyima cheo mtu wa namna hiyo?

Nimezipanga upya kwenye orodha. Stoyna, Bibi Vela, Mitra, Petkana, Zlata, Radka. Hakuna mantiki yoyote ndani yake, na ndiyo maana ni salama. Faili nimelifunga, hakuna awezaye kulisoma ila mimi.

Jioni mama alikuwa barazani anachoma pilipili hoho kwa ajili ya majira ya baridi, nyumba nzima moshi. Akaniuliza dirisha la ofisi yangu linatazama wapi. Nikasema mtoni. Akauliza kama kuna mahali pa kuweka chungu cha maua. Nikasema papo. Kisha nikaenda kulala mapema ili asiulize kitu kingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Upelelezi. Lazima nijue Snezhana anaandika nini. Mezani kwake kuna ua la jeraniamu. Nikachukua birika, nikajifanya namwagilia, macho kwenye kompyuta yake. Nilisoma mistari minne. Mistari minne ni mingi kwa jeraniamu moja. Maji yakafurika kwenye kisahani, yakateremka mezani, yakaingia kwenye soketi ya waya. Ya kwangu. Kompyuta yangu ikazimika na alasiri yote ikaenda kwa kuikausha kwa feni.

Snezhana akanipa kitambaa na kuniuliza, bila ubaya wowote, kama nataka kuiona skripti yake. Eti nilete kiti tu! Mtu asiye na siri ni mtu asiye na kitu, nilijisemea. Lakini nilileta kiti.

Jambo la kwanza ambalo skripti yake inafanya ni kuhesabu. Umetaja majina mangapi? Kama si sita, inakukatalia pale pale, haitazami hata jina moja. Mistari mitatu mizima ya kuhesabu! Nikamwuliza ya nini. Akasema, “Kaka Evstati, kabla hujauliza wageni ni akina nani, hesabu kwanza kama wamefika.”

Nikacheka hadi nikakohoa. Eti skripti imekuwa kitabu cha wageni sasa!

Ya kwangu haihesabu; ile hesabu ya Jumanne niliifuta, ilikuwa inasumbua tu. Ya kwangu inachukua jina la kwanza ulilotaja na kulitazama: je, liko mahali pake kwenye orodha? Kisha la pili, la tatu, mpaka yaishe. Ikikuta hata moja lisilo mahali pake, inakataa. Isipokuta kosa, inazima pampu zote za kwenye orodha. Fupi. Ya kiume. Nimeongeza king'ora kwa wanaokosea, na kwa anayepatia, herufi kubwa zinajaa kwenye kioo cha kompyuta: HONGERA, MKUU EVSTATI!

Ijumaa, 10 Oktoba

Ushindi!

Nilimwonyesha mkurugenzi leo, pampu zikiwa zimetenganishwa na kompyuta ili zisizimike kweli. Nikamwomba ajaribu yeye mwenyewe. Akaandika Petkana kwanza, kwa kuwa sikukuu ni yake. King'ora! Akaanza na Bibi Vela, kwa kuwa ndiye mkubwa. King'ora! Akajaribu mara saba. Wahasibu wakatoka ofisini wakidhani kuna moto.

Kisha nikamwomba ageuke ukutani, nikaandika mimi. Kimya. HONGERA, MKUU EVSTATI!

Mkurugenzi akasema hajawahi kuona kitu kinachokataa watu kwa bidii namna hiyo. Akasema Jumanne tutaanza na ya kwangu. Ya kwangu kwanza! Snezhana akasema sawa. Hakununa hata kidogo. Ni mjanja sana huyu.

Shangazi Tsonka, aliyekuwa anafuta grisi mikononi mlangoni, akauliza na siku nikiumwa itakuwaje. Nikamwambia siumwi. Na nikifa? Nikamwambia nina miaka arobaini na moja, shangazi. Akasema mume wake alikuwa na arobaini na tatu. Sijui kwa nini watu wanapenda kuharibu siku ya mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama alikwenda sokoni na Shangazi Tsonka, kama kila Jumamosi. Wananunua pilipili pamoja, kwa gunia, halafu wanagawana na kusengenya. Amerudi mkimya kidogo. Nilimwuliza kama anaumwa miguu. Akasema hapana. Akanitazama kwa muda, akanirekebisha kola, akaniambia kwamba nimekonda.

Baadaye akavaa koti akatoka tena. Nilipomwuliza anakwenda wapi, akasema kwa fundi wa mhuri na vibao, pale nyuma ya kanisa, kuna kitu aliagiza mwezi wa Agosti na sasa anataka kukibadilisha kidogo. Zawadi yangu hiyo! Ni siku ya jina lake yeye, na zawadi napata mimi. Nilikwenda bafuni nikakaa ukingoni mwa beseni mpaka moyo ukatulia. Kama nikishindwa Jumanne, sitaweza kumtazama usoni.

Lakini sitashindwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilikuwa kanisani, na katikati ya misa nikapata wazo bora kuliko yote.

Nikifika kazini saa mbili kama kawaida, nitakaa pale kama kiti. Nani anakiona kiti? Lakini nikichelewa! Saa nne kasoro robo wakaguzi wamefika. Padri ameshika chombo chake. Mkurugenzi anatoka jasho. Pampu zinanguruma, hakuna anayeweza kuzizima, king'ora kinalia. Kila mtu anaulizana Evstati yuko wapi. Ndipo saa nne na robo mlango unafunguliwa, naingia, mama mkononi kwangu. Naandika majina sita. Kimya kinatanda. Wakaguzi wanaulizana huyu ni nani. Mkurugenzi anawajibu: huyu ndiye mkuu.

Simu nitaizima tangu asubuhi. Mama nitamwambia wakuu huingia saa nne.

Nilifurahi hadi nikaimba pambio kwa sauti, wakati wengine walikuwa wamekwisha nyamaza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimebandika matangazo mjini na Snezhana: maji yatakatika kesho saa nne hadi saa tano. Yeye alibandika arobaini. Mimi nilibandika tisa, upepo ulikuwa mkali upande wangu.

Tulikutana na meya mbele ya duka la mikate. Akasoma tangazo mara mbili. Akasema yeye atakuwa ameoga leo jioni, kwa usalama, na kesho hatagusa bomba lolote mpaka Alhamisi. Alisema hayo huku ananitazama mimi, ingawa aliyeshika gundi alikuwa Snezhana.

Snezhana aliniuliza kama nina wasiwasi wa kesho. Nikamwambia sina. Akasema yeye anao, hakupata usingizi, mwanawe ameanza shule na chumba chenye dirisha kingemfaa kwa sababu kina joto, mtoto angekaa pale baada ya masomo. Afadhali asingeniambia. Nilitembea naye mtaa mzima nikisoma matangazo yake. Mwishoni nikamwambia gundi yake ni nzuri.

Jumanne, 14 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Petka

Naandika na shavu moja.

Mpango ulikuwa hivi: niamke saa moja. Nimtakie mama heri ya siku ya jina lake, nimpe skafu. Nizime simu. Hadi hapo mpango ulikwenda vizuri.

Saa mbili na nusu nilikuwa mbele ya kioo, nimejipaka povu la kunyolea uso mzima, wembe umeshapita shavu la kushoto. Nikafungua bomba nisuuze wembe. Bomba likakohoa. Likatoa tone moja. Basi.

Nikafungua la bafuni. Kavu. La jikoni. Kavu. Nje nikasikia Bi Marga anapiga kelele dirishani kwamba ana nguo kwenye mashine, na barabarani kinyozi ametoka na taulo begani anaiuliza mbingu kulikoni.

Haiwezekani! Mpangilio naujua mimi peke yangu! Nikayarudia majina kwa sauti mbele ya kioo, Stoyna, Bibi Vela, Mitra, Petkana, Zlata, Radka, na povu likawa linaniingia mdomoni. Ndoo pekee ya maji iliyokuwa nyumbani mama alikuwa ameshaitumia kulowekea kabichi. Nikajifuta kwa taulo. Povu kavu halifutiki, linasambaa tu. Nikatoka mbio hivyo hivyo, mama nyuma yangu na sinia la banitsa na kifurushi kwapani.

Kilichotokea kituoni nimekisikia kutoka kwa watu tisa tofauti, na wote walikuwa wanacheka, kwa hiyo naandika tu yale waliyokubaliana.

Saa mbili sikuonekana. Mkurugenzi akapiga simu, imezimwa. Akaogopa, akataka kujaribu kama skripti inafanya kazi. Akaandika majina, king'ora. Akaandika tena, king'ora. Alijaribu kwa nusu saa. Hakukumbuka kwamba tangu Jumatatu jioni nilishaunganisha skripti na pampu zenyewe. Shangazi Tsonka akaja kutoka kwa pampu, mikono masikioni.

“Jamani, mnawaua hawa mama kwa kelele! Bibi Vela anatetemeka hadi chini! Hebu nipisheni.”

Akamsogeza mkurugenzi kwa nyonga, akaketi. Alitaka kuuzima ule ukelele tu. Jina la skripti alikuwa amelisoma kwenye kioo cha kompyuta. Akaliandika hilo. Majina ya pampu hakuandika hata moja, kwa sababu, anasema, yeye pampu huwaita kwa mdomo, hawaandiki. Akabonyeza Enta.

HONGERA, MKUU EVSTATI!

Pampu zote sita zikanyamaza. Saa moja na nusu kabla ya wakati. Mji mzima.

Nilipofika, Shangazi Tsonka alikuwa ameshaziwasha zote kwa mkono, wenzo mmoja baada ya mwingine, akiziomba radhi kwa majina. Wakaguzi walikuwa wamefika mapema. Padri pia. Na meya, msafi, nywele zimechanwa. Akautazama uso wangu, upande huu na upande ule. Akatoa leso mfukoni, akanipa. “Pole, kijana,” akasema. “Najua.”

Mkaguzi mmoja, mwenye miwani mnene, akauliza: mlango uliowakataa watu wote waliokuja na ufunguo, umefungukaje kwa mtu asiye na ufunguo wowote? Nikasema huo ni uchawi au ni umeme. Mkurugenzi akamgeukia Snezhana.

Snezhana akaeleza taratibu, kama vile hataki kuniumiza. Akasema skripti ya kaka Evstati inatafuta kosa kwenye majina uliyoyataja. Hukutaja lolote, basi hakuna jina lenye kosa. Haikukuta kosa, ikakubali. Haikuuliza kama kuna mtu amesema kitu.

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema nyumbani kwake ana mbwa wa namna hiyo. Anabwekea kila mgeni, lakini mwizi akipita kimya, analala.

Saa nne kamili walitumia ya Snezhana. Kwanza hakutaja kitu, ikakataa. Akataja tano, ikakataa. Kisha akamwambia Shangazi Tsonka ayataje yote sita vyovyote apendavyo, na yeye akaandika kama yalivyotamkwa, Bibi Vela wa kwanza na alama zake za kunukuu. Pampu zikazimika moja moja, polepole, wakati ule ule uliotangazwa. Padri akanyunyiza. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akamtangaza mkuu.

Mama alikuwa amesimama pembeni yangu muda wote huo. Amesikia yote. Kila neno. Nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie kwa Bibi Vela. Nikafungua kinywa nimweleze, sijui nini, lakini yeye alikuwa ameshaondoka na sinia lake. Akaenda moja kwa moja kwa Snezhana, akamkatia kipande kikubwa kuliko vyote, akambusu mashavu yote mawili, akasema, “Hongera, binti yangu. Mwanangu ananisimulia habari zako kila siku.”

Sijawahi kumsimulia. Snezhana akanitazama, macho yamemlowa. Akamwambia mama kwamba mimi ndiye niliyempa wazo la kujaribu bila kutaja kitu. Uongo mtupu. Anadanganya vibaya, masikio yalimwiva.

Mama hakushangaa hata kidogo kuhusu cheo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya kelele za pampu hakusikia vizuri.

Nyumbani akanipa kifurushi. Kibao cha shaba, kizito, kimeng'arishwa mpaka ukijitazama unaona shavu lililonyolewa na lisilonyolewa. Kimeandikwa EVSTATI GUNCHEV. Basi. Chini yake hakuna kitu, peupe. Nikamwuliza mbona fundi hakumalizia. Akasema yeye ndiye aliyemwambia aishie hapo. “Jina linatosha, mwanangu. Hilo hakuna wa kukunyang'anya.”

Nililia kidogo. Povu lilikuwa limeniingia machoni.

Jumatano, 15 Oktoba

Usingizi ni dawa. Nimeamka na akili safi.

Snezhana amehamia chumba chenye dirisha, pamoja na jeraniamu. Mwanawe alikaa pale mchana akichora treni. Kazi ya kwanza aliyonipa kama mkuu ni kurekebisha skripti yangu ili ihesabu. Mistari mitatu. Nimeiandika, na nikaona hapo hapo kwamba zile alama za kunukuu zinajaza nafasi bure, nikaziondoa. Sasa naandika majina sita, kompyuta inasisitiza kwamba ni saba. Kompyuta imeharibika. Ni yale maji ya jeraniamu. Nimeandika malalamiko, ya kumi na mbili.

Nimetafakari pia habari ya mama. Maskini, umri umeanza. Anakwenda hadi kwa fundi, halafu anasahau sehemu iliyo muhimu kuliko zote! Na kwa kuwa jana kelele zilikuwa nyingi, asubuhi nilimweleza vizuri, wakati ananimiminia chai. Nikamwambia mambo yalivyo: Snezhana amefanywa mkuu, ndiyo, kwa sababu mimi nimepandishwa juu ya wakuu. Ofisi yangu mpya bado inapakwa rangi. Tarehe 26, siku ya Mtakatifu Dimitar, tutakapomsherehekea pampu Mitra, aje kuiona.

Mama aliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Kisha akasema, sawa, mwanangu, nitaoka.

Nimepima kibao kwa rula. Peupe pa chini ni sentimita tisa kwa tatu. Kesho nakipeleka kwa fundi nyuma ya kanisa. MKUU WA WAKUU inaenea vizuri kabisa.